Kateni, Msinisemee

Mhariri akikata makala yangu, sina neno. Ukurasa una mipaka, na aya ya ziada inamchosha msomaji. Ninachokikataa ni mhariri kuandika jambo ambalo sikulisema, kisha akaliweka jina langu juu yake.

Niliandika kuhusu maji ya Kahe. Sisi tuko tambarare, chini ya Kilimanjaro. Chemchemi ya Miwaleni iko kwetu, maji ya mlimani yanashukia kwetu, na bado kiangazi kikikaza kuna majaruba yanayopasuka. Nikaandika hivi: "Zamu ikivurugwa, anayekaukiwa ni mwenye shamba la mwisho kwenye mfereji, na huyo hana mtu wake kwenye kamati." Gazeti likachapa: "Wakulima wa Kahe wametakiwa kutumia maji kwa uangalifu."

Wametakiwa na nani? Mimi nililalamikia wanaofungulia maji usiku nje ya zamu. Nikasomeka ninamkemea aliyenyimwa. Mzee aliyenipa habari ile, tena akiwa amesimama katikati ya mpunga wake ulionyauka, alinikamata gulioni mbele za watu: "Mwanangu, na wewe wamekununua?" Nimjibu nini, na jina ni langu? Mhariri hakuwepo pale gulioni, na mzee hamjui.

Nilipouliza, nikaambiwa makala "imelainishwa". Hofu ya vyumba vya habari naifahamu vizuri. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka magazeti chini ya leseni, na mwaka uliofuata Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yakafungiwa. Watu walikosa mishahara. Basi anayeogopa airudishe makala yangu nzima, aniambie haiendi. Nitanuna, nitapeleka kwingine. Lakini woga ni wake. Asiutilie sahihi yangu.

Na ubwana huu wa kalamu ni wa zamani. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja, na ndiyo iliyopitisha miswada ya vitabu vya shule. Watu waliozaliwa ndani ya lugha hii wakasahihishwa na waliojifunza ukubwani. Wale walau walikuwa watawala wa kigeni. Huyu wangu ni Mtanzania mwenzangu, ana namba yangu ya simu, na hakupiga.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa, hata kama ameshalipwa. Sisi waandishi wa mikoani tunaotuma makala moja moja hatuidai haki hiyo, kwa sababu anayelalamika makala yake ya pili haipokelewi. Wahariri wanalijua hilo, na wanalitegemea. Ni uonevu, na nauita hivyo kwa sauti.

Ninachodai si kikubwa. Mkibadili maana, nionyesheni kabla ya kwenda mitamboni. Muda ukiwabana, toeni jina langu, mweke lenu. Na ile sentensi ya mwenye shamba la mwisho nataka ichapwe kama nilivyoiandika, ukurasa uleule, pamoja na maelezo kwamba ile nyingine haikuwa yangu. Mzee yule bado ananunua gazeti.