Haki ya Maskini Hupotea Kabla ya Mahakama



Tunapozungumzia msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, mawazo yetu hukimbilia mahakamani. Tunamwona wakili aliyevaa joho, hakimu kitini pake, na maskini amesimama peke yake pasipo msemaji. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Katika utume wetu hapa Olasiti na mitaa mingine ya pembezoni mwa Jiji la Arusha, tumeona kwamba aghalabu maskini hashindwi mahakamani. Hushindwa mapema zaidi: siku anapotia dole gumba katika karatasi asiyoielewa, siku anapouacha muda wa rufaa upite, siku anapompa kishoka fedha ya chakula cha watoto ili amwandikie barua isiyo na maana. Anapofika mbele ya hakimu, shauri lake limekwisha siku nyingi.

Hali ya kwetu inajulikana. Palipokuwa na shamba la mahindi na maharage, leo pamepigwa vigingi vya viwanja. Ardhi ikipanda thamani, undugu hujaribiwa. Mjane huambiwa na shemeji zake kwamba shamba ni la ukoo. Mke husikia kwa majirani kwamba nyumba anamolala imekwisha kuuzwa. Mzee asiyejua kusoma huletewa hati ya mauziano na mashahidi asiowafahamu. Hadithi ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, tunayoisoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 21, ingeweza kuandikwa hapa. Tukumbuke kwamba Nabothi hakunyang'anywa na majambazi usiku. Aliitishiwa baraza, wakaletwa mashahidi wa uongo, na taratibu zote za nje zikafuatwa. Dhuluma ilipitia mlango wa sheria, na hakuna aliyesimama upande wake.

Sheria za nchi yetu hazimwachi mnyonge mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Tena msimamizi wa mirathi si mrithi wa yote. Ni mtumishi wa warithi, naye hana budi kutoa hesabu. Je, ni wangapi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wanaoyajua haya? Haki usiyoijua ni kama akiba iliyofukiwa shambani bila alama. Ni yako, lakini huwezi kuila.

Jiji letu lina fundisho la pekee katika jambo hili. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, nayo ikakaa hapa Arusha hadi ilipofungwa mwaka 2015. Waliofikishwa pale walishtakiwa kwa makosa mazito kupita yote, yakiwamo mauaji ya kimbari. Hata hivyo, wale wasioweza kulipa wakili walipewa mawakili kwa gharama ya Umoja wa Mataifa. Hatulalamiki juu ya hilo, kwani ndivyo ipasavyo. Ila twauliza: ikiwa dunia ilikiri kwamba hata mtu anayeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari hawezi kuhukumiwa kwa haki bila msaidizi, mjane wa Olasiti anayetetea robo eka yake aachwe peke yake kwa sababu gani?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo makao yake yako katika jiji hili, ilitoa jibu la namna hiyo tarehe 20 Novemba 2015. Mtanzania aliyehukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha alikuwa ameshtakiwa bila kupewa wakili. Mahakama ilisema alistahili kupewa msaada huo bila malipo, hata kama hakuuomba. Miaka miwili baadaye Bunge letu lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017. Sheria hiyo inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopata mafunzo ya sheria wasio mawakili, wanaofanya kazi chini ya taasisi zilizosajiliwa. Kazi yao ni kuelimisha, kushauri, na kumwelekeza mtu mahali panapomfaa. Hawaruhusiwi kudai malipo wala kumwakilisha mtu mahakamani.

Hapa ndipo penye neno letu. Tangu mwaka 2023 Serikali imeendesha kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais Samia, na wanasheria wamekwenda mikoani kuwasikiliza wananchi. Tunashukuru. Lakini kampeni huja na kuondoka, na shida ya maskini ina tarehe zake. Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ana siku 45. Siku hizo hazimsubiri mgeni kutoka Dodoma. Zinahitaji mtu wa karibu, anayejulikana, anayepatikana wiki hii, asiyedai fedha. Mtu huyo hatuna budi kumwandaa sisi wenyewe.

Wapo wanaotuambia kwamba kazi ya Kanisa ni kupatanisha, na kwamba kumfundisha Mkristo sheria ni kumchochea amshtaki ndugu yake. Tunaiheshimu hoja hii, kwa sababu upatanisho ni agizo la Bwana. Lakini tuutazame vizuri. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mlango wa Baraza la Wilaya hufunguka. Basi usuluhishi umekuwa muhimu kuliko zamani. Sasa wawekeni mezani watu wawili, mmoja anajua haki zake na mwingine hajui. Huyu atasema, "Nitakupa kidogo tuishe," na yule atashukuru kwa machozi kwa kupewa sehemu ya kile kilichokuwa chake chote. Huo hauwezi kuitwa upatanisho. Amani ya kweli hupatikana pale kila mmoja anapojua anachosamehe. Aliyeambiwa haki yake, kisha kwa hiari akamwachia nduguye sehemu, ametenda tendo la upendo. Aliyeachia kwa kutojua ameibiwa tu.

Wengine huogopa kwamba mwenye elimu kidogo ya sheria atapotosha watu. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu tunasema mafunzo yapitie taasisi zilizosajiliwa, na msaidizi afundishwe kwanza kutambua mahali ujuzi wake unapokoma. Mkunga hodari anajua ni mama yupi wa kumkimbiza hospitali.

Basi, tunapendekeza kwa kila Halmashauri ya Walei mambo manne. Kwanza, parokia ichague watu wawili waaminifu, mwanamke na mwanamume, wenye kutunza siri, wapelekwe mafunzo. Pili, pawepo chumba na siku maalumu kila wiki, na daftari la kumbukumbu linalofungiwa kabatini. Mlango huo uwe wazi kwa wote: Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu, na asiye na dini. Tatu, Jumuiya zichangie mfuko mdogo wa nauli na wa kunakili nyaraka, kwa maana wengi hupoteza shauri kwa kukosa nauli ya kufika barazani. Nne, mafundisho ya ndoa yaguse pia sheria ya mali ya familia na umuhimu wa wosia. Na wale mawakili wanaosali pamoja nasi tunawaomba watoe siku moja kwa mwezi, wamfuate Mtakatifu Ivo wa Brittany, aliyefariki mwaka 1303, ambaye Kanisa linamheshimu kuwa mtetezi wa maskini na msimamizi wa wanasheria.

Mtu akisema sisi ni maskini mno kuweza haya, na atazame mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza peke yake kumlipa mwanasheria. Walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa huko New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ardhi haikurudishwa mwaka ule, lakini ulimwengu ulisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mnyonge akipata msemaji hawezi tena kufukuzwa kimya kimya.

Kuna gharama moja ambayo lazima tuitaje wazi. Anayemdhulumu mjane wakati mwingine huketi benchi la mbele kanisani, na mchango wake wa ujenzi husomwa kwa sauti. Siku mjane huyo atakapoingia katika chumba chetu cha ushauri, tutajulikana sisi ni nani. Ofisi ya Haki na Amani inayoweza kumsikiliza maskini dhidi ya mgeni tu, isiyothubutu kumsikiliza dhidi ya mfadhili wa parokia, afadhali isifunguliwe.

Bwana wetu alitufundisha habari za mjane aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka (Lk 18:1-8). Tumezoea kumsifu kwa uvumilivu wake. Yafaa pia tujiulize kwa nini katika mji ule wote alikwenda peke yake kila siku, na majirani zake walikuwa wapi. Kwetu, ndugu wapendwa, asiende peke yake.