VIPAJI VIMEKAUKA, AU TUMEVIFUKIA?

Kila mara timu yetu ya Taifa inaporudi nyumbani mikono mitupu, husikika kauli ile ile, barazani na sokoni, ndani ya mabasi na hata katika vikao vya watu wenye madaraka: ati vijana wa siku hizi hawajui mpira, ati wachezaji walikuwa wale wa zamani, na hawa wa leo ni wavaa jezi tu. Tuliisikia tena mwezi Januari, 2026, baada ya Moroko kututoa katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa bao moja kwa bila. Na tulipofika Shinyanga siku chache baadaye, mzee mmoja tuliyemkuta akinywa kahawa karibu na stendi ya mabasi alitukabili bila salamu ndefu: "Wanangu wa gazeti, andikeni kweli. Mungu alitupa kipaji, na sasa amekitwaa."

Mzee huyo twamheshimu, wala hatukumbishia mbele ya watu. Lakini maneno yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Ikiwa ni kweli kwamba kipaji kimetwaliwa, basi hapana mwenye kosa: si viongozi wa mpira, si Serikali, si halmashauri, si makampuni ya madini, wala si sisi wa Chama. Sote tutakunja mikono na kungoja rehema. Ikiwa si kweli, basi yuko anayedaiwa. Ndiyo sababu twaona yafaa jambo hili lichunguzwe kwa hesabu, si kwa machungu.

Tuanze na timu ambayo mzee wetu anaililia. Mwaka 1979 Taifa Stars iliifunga Zambia bao moja kwa bila mjini Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola, na huko Peter Tino akasawazisha, mechi ikaisha 1-1. Kwa matokeo hayo tukaingia katika fainali za mwaka 1980 nchini Nigeria. Wakati huo fainali zilikuwa na timu nane tu, na kuwa mmoja wa wanane katika Afrika nzima halikuwa jambo dogo. Timu ile ya akina Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Juma Pondamali ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Katika mabao yetu matatu, mawili yalifungwa na Thuwein Ally. Halafu tukarudi, na hatukuonekana tena huko kwa miaka 39.

Tulipoonekana, mwaka 2019 nchini Misri, tulifungwa mechi zote: na Senegal 2-0, na Kenya 3-2, na Algeria 3-0. Januari 2024, nchini Ivory Coast, Moroko ilitufunga 3-0, lakini tukatoka sare na Zambia 1-1 na Kongo 0-0. Mwishoni mwa 2025, nchini Moroko, Nigeria ilitufunga 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda na sare kama hiyo na Tunisia, na kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi. Ni haki kuongeza kwamba mlango umepanuliwa: timu za fainali sasa ni 24, nasi tulivuka kwa pointi mbili tu, tukiwa wa tatu katika kundi letu. Hatutaki kumpunja mzee. Lakini mwenye kusoma hesabu hizi kwa moyo mtulivu ataona kwamba wale wa 1980 na hawa wa leo hawakuachana mbali. Wote wawili walikwenda Nigeria au kukutana na Nigeria, na wote wawili walifungwa bila kudharauliwa.

Jambo lenyewe hasa liko katikati. Orodha ya FIFA ina kasoro zake nyingi, walakini haiwezi kupuuzwa yote. Mwezi Februari 1995 Tanzania ilikuwa ya 65 duniani. Mwezi Oktoba 2005 ilikuwa ya 175. Nafasi 110 zilipotea katika miaka isiyofika kumi na mmoja! Sasa twauliza: je, katika muda huo akina mama wa nchi hii waliacha kuzaa watoto wenye miguu mepesi? Damu ya taifa haibadiliki katika miaka kumi. Waliocheza mwaka 2005 walikwisha kuzaliwa, na wengi wao walikuwa shuleni, mwaka ule wa 1995.

Yaliyobadilika tunayajua. Katika miaka hiyo mashirika ya umma, yaliyokuwa na timu zao na kuwaajiri wachezaji, yalibinafsishwa au kufa moja baada ya jingine, na timu nyingi zikafa pamoja nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule, ile ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ikasimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Kombe la Taifa, ambalo lilikutanisha mikoa, likawa la kushtukiza: mara lipo, mara halipo, hata likasahauliwa. Nao ubingwa wa nchi, tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipoutwaa mwaka 1999 na 2000, hadi msimu wa 2024/25 ulikuwa haujatoka tena nje ya Dar es Salaam.

Wasomaji wetu wa Shinyanga watalikumbuka jina la timu ya mkoa wao katika Kombe la Taifa: Igembe Nsabo, yaani jembe ni mali. Mkoa ulikuwa mpana wakati huo. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, na Bukombe ilikuwa ndani yake kabla ya kwenda Geita mwaka huo huo. Kijana wa Bukombe hakuhitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam ili aonekane. Alihitaji kuchaguliwa wilayani, kisha mkoani, na aliyetafuta wachezaji wa Taifa aliweza kumwona huko akiwa amevaa jezi ya kwao. Leo kijana huyo huyo ataonwa na nani? Mbwana Samatta, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, ni mtoto wa Dar es Salaam. Twajivunia. Lakini kila tukimtazama twajiuliza ni akina Samatta wangapi waliozaliwa Msalala au Nyang'hwale wakazeeka bila mtu kujua.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za mtumwa aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini. Bwana wake aliporudi, mtumwa yule hakusema kwamba talanta imepungua. Aliifukua ikiwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililomtia hatiani.

Nani athubutu kusema kwamba ardhi hii ya almasi na dhahabu haina wachezaji? Kuanzia msimu wa 2015/16 hadi 2018/19 Mkoa wa Shinyanga peke yake ulikuwa na timu mbili katika Ligi Kuu: Mwadui, ya mgodi ule wa almasi ulioanzishwa na Williamson mwaka 1940, na Stand United, timu iliyozaliwa katika stendi ya mabasi miongoni mwa wapiga debe na watu wa kazi hizo, ambayo wenyewe huiita Chama la Wana. Hebu fikirini: wapiga debe wanaunda timu, na timu inapanda hadi kukabiliana na Simba na Yanga! Mwaka 2015 kampuni ya dhahabu ya Acacia ikaja kuidhamini. Fedha zilipoingia, ugomvi wa nani mwenye timu uliingia pamoja nazo, udhamini haukudumu, na mwaka 2019 Stand United ikashuka daraja. Mwadui ikaifuata mwaka 2021.

Mwaka ule ule Mwadui iliposhuka, Geita Gold ilipanda. Timu hii ya Halmashauri ya Geita, yenye udhamini wa mgodi mkubwa wa hapo, katika msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora wa ligi, akimpita kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Mayele huyo ndiye aliyeifungia Yanga bao katika fainali ya Shirikisho ya mwaka 2023, nyumbani. Wanaosema kwamba wageni wamewanyima wenyeji nafasi na watafakari hesabu hiyo. Mwezi Juni 2022, huko Cotonou, Taifa Stars ilipotoka sare ya 1-1 na Niger, aliyeifungia alikuwa Mpole. Hatusemi kwamba Geita ilimlea. Alifika huko akiwa mchezaji aliyekwisha kukomaa. Geita ilimpa nafasi ya kucheza kila wiki, na hiyo peke yake ilitosha kumpeleka Taifa.

Na timu hiyo ilicheza wapi nyumbani? Baadhi ya mechi zake ilizipeleka Kirumba, Mwanza, na nyingine ilizicheza katika uwanja wa shule ya sekondari ya wasichana ya Nyankumbu. Mji wenye mgodi wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2000 uliiazima timu yake uwanja kwa wanafunzi wa kike. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka. Tangu hapo, msimu wa 2024/25 na huu wa 2025/26, Shinyanga na Geita zimeanza Ligi Kuu bila timu hata moja.

Safari yetu ilitufikisha pia katika kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo. Jioni ilikuwa imeingia, makarasha yamenyamaza, na vijana yapata thelathini walikuwa wakicheza juu ya eneo tambarare la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Magoli yalikuwa mawe. Wachache walikuwa na viatu. Kila ajuaye kazi hiyo anajua kwamba mchanga ule una zebaki, na hakuna mzazi ambaye angependa mwanawe aanguke hapo na goti lililochubuka. Alikuwapo mmoja, mwembamba, wa miaka labda kumi na mitano, ambaye mpira ulimtii kama mbwa anavyomtii mwenyewe. Tukamwuliza anasoma wapi. Akatuambia, "Shikamooni. Niliacha shule, nashuka duarani na kaka." Tukamwuliza kama amewahi kucheza mashindano yoyote. Hakuelewa swali.

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yaitaka kila kampuni yenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Madiwani walio wengi katika mikoa hii miwili ni wa Chama chetu. Hawawezi kutuambia kwamba hawana sauti katika mipango hiyo. Hatuombi fedha za migodi zikanunue wachezaji kutoka mbali ili timu ipande kwa msimu mmoja ishuke kwa mwingine, hayo tumeyaona. Twaomba viwanja vya shule visivyo na zebaki, mipira, na mwalimu mmoja wa michezo aliyefundishwa katika kila kata. Ni jambo dogo lisilopigiwa ngoma, na huenda ndiyo maana halifanywi.

Sasa tuseme la kwetu, maana si haki gazeti la Chama kuwanyoshea wengine kidole na kuuficha mkono. Uwanja wa Kambarage wa Shinyanga ni wa CCM. Uwanja wa Kirumba ni wa CCM. Vingi vya viwanja vikubwa vya mikoani ni vyetu, na vilijengwa katika siku za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi wote, wakulima wa pamba na wafanyakazi wa migodi wakiwamo. Tulivirithi. Aliyerithi shamba la baba akaliacha liwe pori hawezi kuwaambia watoto kwamba mvua ndiyo iliyokataa kunyesha. Tunajua baadhi ya wakubwa wetu hawatapendezwa na sentensi hii. Tumeiandika hivyo hivyo, kwa sababu uwanja wa Shinyanga umebeba jina la Mwalimu, na jina hilo halikuwekwa pale kwa ajili ya kukusanya viingilio vya maonyesho ya muziki.

Twaiomba ofisi ya Chama ya Mkoa wa Shinyanga itangaze hadharani mapato ya Kambarage ya mwaka mzima na kiasi kilichorudi katika majani na vyumba vya kubadilishia nguo. Twaiomba pia ifungue milango kila Jumamosi isiyo na mechi ya ligi, bila kodi wala kiingilio, kwa timu za shule na za kata, na iwaalike wenzetu wa Geita waje na vijana wao, hata kama watakuja na jina la Igembe Nsabo wakalichukua kabisa. Mwezi wa Juni, wakati wa mashindano ya shule, gazeti hili litampeleka mwandishi wake Kambarage, naye atasimama langoni.