Mashauri ya Nyumbani: Mchezo Usivunje Msingi wa Kompyuta

Toka Makiso mpaka Mangobo wako vijana wanaocheza michezo ya intaneti na wenzao walio mbali. Mchezo si kosa. Hatari yaanza pale kijana, akichoshwa na mchezo unaokwama, aambiwapo ya kuwa dawa ni kuondoa mafaili ya picha yaliyomo ndani ya Windows, mathalani lile liitwalo d3d11.dll, na kutia mengine aliyopewa na mtu asiyemjua.

Yafaa kufahamu kwanza faili hilo ni kitu gani. Si picha, ni fungu la amri zipelekazo maagizo ya mchezo kwenye kadi ya picha. Programu ikilifungua, amri hizo hutendeka kwa uwezo uleule wa programu. Basi aliyelitengeneza akiwa mwizi, aweza kuiba maneno ya siri ya jamaa nzima. Na lisipopatana na Windows iliyomo, programu nyingine huenda zikakataa kufunguka. Katika nyumba ambamo mama hupata riziki kwa kuwapigia watu chapa barua zao, hasara hiyo ni ya chakula.

Tena wenye michezo wana walinzi wao. Kampuni ya Valve ya Marekani inatumia mlinzi aitwaye VAC tangu mwaka 2002. Akigundua mafaili ya mchezo yamegeuzwa ili kuwashinda wenzake kwa hila, mchezaji hufungiwa, na adhabu hiyo haina mwisho.

Zaidi ya hayo, mara nyingi dawa haipatani na ugonjwa. Toka Kisangani hata Johannesburg ni karibu kilomita 3,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa kioo hupita kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi kwahitaji milisekunde 30 hivi, hata njia ikiwa nzuri kabisa. Ulaya ni mbali zaidi. Hakuna faili liwezalo kuifupisha njia hiyo. Picha ikienda laini lakini wachezaji wakirukaruka, tazameni mtandao. Picha ikikwama hata katika mchezo usiohitaji intaneti, tazameni kompyuta.

Basi, punguzeni vivuli na ukubwa wa picha katika mipangilio ya mchezo. Panguseni vumbi. Kiendeshi cha kadi kichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe, kama NVIDIA, AMD au Intel, na nakala za kazi za nyumbani ziwekwe kwanza mahali pengine. Aliyekwisha kubadili mafaili aweza kutumia amri sfc /scannow, kwa ruhusa ya msimamizi, ili Windows irudishe yaliyoharibika. Lakini amri hiyo haimfukuzi mwizi aliyekwisha kuingia: maneno ya siri yabadilishwe kwa mashine nyingine iliyo salama.

Nanyi wazazi, kabla ya kukemea, mwulizeni mwana faili alilipata wapi. Akiogopa fimbo ataficha, na mgeni yule atazidi kukaa nyumbani mwenu.