Si Kila Kosa ni la Bahari

Aghalabu intaneti ya nyumbani inapozorota katika miji ya Malindi na Kilifi, hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikizwa: "Mtandao uko chini." Anayeitoa huongeza pengine kuwa kebo ya baharini imekatika. Mlipaji hushauriwa anunue kifurushi kikubwa zaidi, naye hununua, na baada ya juma moja video hukwama palepale ilipokuwa ikikwama. Makala haya yanashikilia kwamba hasara hiyo mara nyingi hutokana na ufukara wa uchunguzi, na kwamba ufukara huo una mzizi wake katika lugha.

Bahari nayo ina lawama zake. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, sawa na ya SEACOM. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM ziliharibika pamoja katika pwani ya Afrika Kusini, Afrika Mashariki ikaathirika. Hata hivyo, kebo ya bahari ikikatika haichagui chumba. Athari yake humfikia jirani na jirani wa jirani, aghalabu kwa siku kadhaa. Kasi inayotosha sebuleni na kutoweka chumbani inasimulia kisa kingine kabisa.

Kisa hicho, huku pwani, mara nyingi huanzia ukutani. Nyumba za kale za Malindi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikafanywa nene ili kuzuia joto. Kuta hizohizo hudhoofisha mawimbi ya redio. Ruta nyingi za siku hizi hutumia masafa mawili: gigahezi 2.4, yanayopenya ukuta vizuri zaidi lakini kwa kasi ndogo, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini hushindwa upesi na jiwe. Simu inayohama kutoka masafa hadi masafa kadiri mtu anavyotembea nyumbani huonekana kama mtandao unaositasita. Ajabu ni kwamba chombo chenyewe mara nyingi hufichwa nyuma ya runinga au ndani ya kabati, eti kisiharibu sura ya sebule!

Katika majengo ya ghorofa ya Mtwapa tatizo ni msongamano. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta kumi zikigombea njia moja, kila moja husubiri zamu. Tena kuna chumvi: upepo wa bahari hula viunganishi vya antena za paani polepole. Waya wa ruta wenye jozi moja iliyokatika ndani huweza kuushusha muunganisho kutoka megabiti 1000 hadi 100 kwa sekunde pasipo mtandao kukatika, kwa hivyo hakuna anayeushuku.

Namna ya kubainisha ni nyepesi, ila inadai subira. Tarakilishi iunganishwe na ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vizimwe, kasi ipimwe asubuhi, alasiri na saa tatu usiku, kisha vipimo viandikwe. Waya ukitoa kasi nzuri ilhali hewani ni mbaya, kosa limo nyumbani. Waya nao ukiporomoka usiku pekee, kuna msongamano kwa mtoa huduma. Kasi ikiwa nzuri vifaa vingine vikizimwa na mbaya vikiwashwa, huenda simu moja inapakia picha kimyakimya na kuziba njia ya kutokea. Kuzima na kuwasha ruta husaidia, lakini humponya mgonjwa bila kumwambia anaumwa nini.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno "kasi" limebebeshwa mzigo wa dhana mbili: upana wa njia na ucheleweshaji. Mkaazi wa pwani anaujua mfereji. Anaelewa bila kufundishwa kwamba bomba pana na maji yanayochelewa kufika ni mambo mawili. Hakuna aliyemwambia hivyo kuhusu intaneti. Wala hakuambiwa kuwa megabiti 10 ni megabaiti 1.25 tu, naye hudhani ameibiwa. Simu yake huita ruta "kisambaza data", fundi husema "ruta", na kijitabu cha maelezo ni cha Kiingereza.

Wanafunzi wa Kiswahili wametumia miaka mingi wakibishana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na faida yake, na Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilithibitisha kwamba programu nzima yaweza kusema Kiswahili. Lakini istilahi isiyofika sebuleni haijamsaidia mlipaji. Vyama vya wanafunzi, kikiwemo chochote kitakachopatikana katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, viandike ukurasa mmoja wa maelekezo ya kupima, kwa Kiswahili ambacho bibi wa Shela, Malindi, atakisoma bila mkalimani. Mteja anayempigia mtoa huduma simu akiwa na vipimo vya siku saba mkononi hawezi kujibiwa tu kwamba azime na awashe tena.