Kabla ya kuunda vifaru, hesabu malori kwanza

Wewe unayecheza Hearts of Iron IV hadi saa tisa usiku, hebu tuongee kidogo. Uliingia YouTube, ukamwona msee fulani akipanga divisheni yake, ukanakili kila kitu: batalioni saba za askari wa miguu, mbili za mizinga, wahandisi pembeni. Ukarudi kwa gemu, ukajaza mpaka mzima na divisheni hizo, ukachora mshale mrefu wa kushambulia. Baada ya wiki chache za vita jeshi limekwama, vifaru havina petroli, na sasa unalalamika eti kompyuta inacheza rafu.

Haichezi rafu. Umenunua suti ya mtumba bila kuipima, basi.

Chukua huo muundo wa saba kwa mbili. Kila batalioni ya miguu hujaza upana wa 2 kwenye uwanja wa vita, na ya mizinga 3. Saba mara mbili ni 14, ongeza 6 za mizinga, unapata 20. Zamani upana wa uwanja ulikuwa 80, hata ungepigana wapi. Divisheni nne za 20 ziliingia bila kubakisha nafasi, na mbili za 40 vilevile. Ndiyo maana kila mtu aliimba 20 na 40. Lakini Novemba 2021 Paradox walitoa No Step Back, na hesabu hiyo ikavunjika. Siku hizi uwanda una upana wake, msitu wake, milima wake. Ukizidisha, nguvu inakatwa. Ukipunguza, unaacha pengo ambalo adui atalijaza. Video ya 2019 bado ipo, bado ina watazamaji, ila inakufundisha gemu ambayo haipo tena.

Tatizo lenyewe si hata namba. Ukinakili, hujui ni kwa nini kitu kipo pale kilipo, kwa hivyo mambo yakibadilika huna la kufanya. Mfano ni ule mstari wa kijani unaoonyesha mpangilio wa divisheni, yaani muda ambao itasimama vitani kabla ya kuvunjika na kurudi nyuma. Watu wengi hudhani kila batalioni unayoongeza inaurefusha. La hasha. Mpangilio ni wastani wa batalioni zote. Askari wa miguu wanao mwingi, kifaru kina kidogo, mizinga haina kabisa. Ukirundika mizinga kumi kwa sababu unapenda namba kubwa za mashambulizi, divisheni yako itapiga vibaya sana kwa saa chache kisha itoroke. Ukijaza vifaru vitupu, mambo ni yale yale. Ndiyo sababu divisheni nzuri ya vifaru hubeba askari wanaosafiri kwa malori: hao ndio wanaoishikilia isimame. Ukishaelewa hilo huhitaji msee wa YouTube tena. Utaangalia ramani na chuma ulichonacho, kisha upange mwenyewe.

Sasa tufike penye uchungu, yaani ugavi: chakula, risasi na petroli. Ni ukurasa wa ramani ambao wengi wenu hamjawahi kuufungua. Tangu hayo mabadiliko ya 2021, ugavi husafiri kwa reli hadi kwenye kituo, halafu kutoka kituoni unasambazwa. Kila hatua mbali na kituo, kinachofika kinapungua. Usipobadilisha chochote, usambazaji wa mwisho unafanywa na farasi. Ukitaka ufike mbali zaidi, lazima utoe malori. Na malori yanatoka kwa viwanda vile vile ulivyovijaza kazi ya kuunda vifaru. Umenipata? Kila kifaru unachoagiza ni malori ambayo hukuyaagiza.

Usidhani ni watengenezaji wa gemu waliokaa wakatunga adhabu. Ujerumani ilipovamia Muungano wa Sovieti Juni 1941, jeshi lile tunaloonyeshwa kwenye filamu likiwa limejaa vifaru lilikuwa na farasi zaidi ya 600,000. Reli za Sovieti nazo zilikuwa pana kuliko za Ujerumani, kwa hivyo treni zao hazingeweza kupita tu hivi hivi.

Lakini mfano ninaoupenda uko hapa karibu, na nashangaa wachezaji wa Kenya hawaugusi. Mapema mwaka huo huo wa 1941, Jenerali Alan Cunningham alishambulia Waitaliano kutoka Kenya. Jeshi lake lilikuwa na askari wa KAR kutoka kwetu na majirani, Wanigeria, watu wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, na Waafrika Kusini. Awali alidhani angelazimika kungoja hadi mvua za masika zipite. Kilichomzuia kilikuwa maji na usafiri. Kaskazini mwa Kenya ni kukavu, na wahandisi wa Afrika Kusini walikuwa wakichimba visima ili jeshi lipate kunywa. Mwishowe hakungoja. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na kule Mogadishu wakakuta petroli nyingi ambayo Waitaliano hawakuichoma. Machi 16 kikosi kilichotoka Aden kilikomboa bandari ya Berbera, na njia ya mizigo ikafupika sana. Aprili 6 wakaingia Addis Ababa. Kutoka Kismayu ni siku 51.

Soma tena hiyo orodha ukiwa na ramani. Visima, bandari, petroli, bandari. Hakuna mahali nimetaja kifaru.

Basi jaribu hivi wikendi hii. Chagua Uingereza, shuka hadi Kenya, uwashambulie Waitaliano kwa divisheni ishirini. Utaona alama nyekundu za njaa kabla hujavuka Mto Juba vizuri. Kisha rudia ukiwa na divisheni chache, nyepesi, zenye malori, ukiongeza kampuni ya ugavi ili zitumie kidogo. Nenda bandari kwa bandari. Ukifika milima ya Ethiopia, punguza pupa, kwa sababu uwanja umekuwa mwembamba. Kama unapenda upande wa pili, chukua Ethiopia yenyewe: tangu 2022 By Blood Alone imeipa mkondo wake, na gemu inapoanza Januari 1936 Waitaliano tayari wako ndani ya nchi. Huko huna viwanda vya kuchezea. Kila bunduki ina mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo gemu hii hainifurahishi nalo. Pale juu ya skrini kuna namba ya watu unaoweza kuwaandikisha jeshini. Ukiwa Uingereza, namba hiyo hujazwa pia na makoloni, na huwa unaitumia bila kufikiria, kama bando la data. Askari wa KAR wako humo. Na kama watengenezaji wangerudi nyuma hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, ugavi wa Afrika Mashariki usingekuwa na farasi wala malori ya kutosha, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama na barabara hazikuwepo. Mizigo ilibebwa kichwani na watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ukipanda matatu kwenda Kariakor unalitaja jina hilo, liwe limekolea au halijakolea kichwani. Mpagazi mmoja amesimama mpaka leo kati ya zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue, mtaa ambao labda unaupita ukienda kununua chaja ya laptop.

Kwenye gemu, ugavi ukikatika unaona alama nyekundu kisha unabonyeza kitufe cha kuongeza malori. Mwaka 1917 kitufe hicho kilikuwa chifu akitumwa kijijini kuleta vijana wa rika lako.