Herufi za Kikorea si kufuli



Juma hili tuzungumze juu ya yale madaftari ya mabinti zetu yaliyojaa viduara na vimistari. Wanaangalia filamu za Korea, kisha wanajifunza kuandika majina yao kwa herufi za kule. Sisi walimu hatuoni ubaya. Mtoto anayejifunza herufi mpya anazoeza akili.

Herufi hizo zinaitwa Hangul. Mfalme Sejong alizitunga mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, kwa sababu raia wa kawaida walishindwa kusoma maandishi ya Kichina. Leo ziko 24: konsonanti 14 na irabu 10. Ile ya sauti "m" ni mraba mdogo, mfano wa kinywa. Wakubwa wengi walizidharau, wakasema ni za wanawake. Lakini wanawake waliandikiana barua kwa herufi hizo, nazo zikadumu. Mama aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu anaelewa furaha hiyo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mabinti wengine wanaandika katika mitandao jina, shule na kartie kwa Kikorea, wakifikiri hakuna atakayeelewa. Herufi hizo zilitungwa ili kila mtu azisome upesi, na telefoni ya leo inazitafsiri mara moja. Na foto haina luga: kila mtu anaielewa.

Huko Korea ya Kusini kwenyewe, mwaka 2024 ilijulikana kwamba foto za wasichana, wengi wao wanafunzi, zilichukuliwa katika mitandao. Nyuso zao zikabandikwa kwa kompyuta juu ya miili ya uchi, na picha hizo za uongo zikasambazwa katika makundi ya Telegram. Wengi walioshukiwa walikuwa vijana wadogo. Mwezi wa 9 bunge likapitisha sheria: hata kuzitazama tu ni kosa, na kifungo kinafika miaka 3.

Basi tufanye nini? Kunyang'anya telefoni hakusaidii. Ataomba ya rafiki. Tukae na binti, atufundishe herufi tano, kisha tufungue pamoja mipangilio ya WhatsApp. Foto yake ionekane kwa watu anaowajua tu. Asiyemjua asiweze kumwingiza katika kundi. Aweke namba ya siri ya tarakimu 6, na kode inayokuja kwa ujumbe asimpe mtu yeyote. Foto ya unifomu yenye jina la shule isiwekwe.

Nasi wamama tuanze na mikono yetu. Foto ya mtoto akioga, au akiwa mgonjwa kitandani, haina kazi katika kundi la likelemba. Na mtoto mkubwa tumuulize kwanza: "Naweza kuituma?" Akizoea kuulizwa nyumbani, atajua kukataa huko nje.

Juma njema, wamama.