Tuiamini antivirusi hadi wapi?

Mashirika mengi ya Bukavu yana ofisi Muhumba, kwenye komini ya Ibanda, kando ya Ziwa Kivu. Ndani ya kompyuta za ofisi hizo mna majina ambayo mtu wa nje hapaswi kuyaona kabisa: wanawake waliobakwa na vijiji wanakotoka, mashahidi wa mauaji, watoto waliotolewa kwenye makundi yenye silaha. Ukiuliza faili hizo zinalindwa na nini, mara nyingi unajibiwa, "Tuko na antivirusi." Jibu hilo halitoshi, na tusilinyamazie.

Antivirusi ina kazi yake. Aliyewahi kupeleka flashi kwenye duka la kopi anaijua adha: akirudi ofisini anakuta kila folda imekuwa na kishale kidogo pembeni, uzito wake kilobaiti moja au mbili, na akiibonyeza tu, mashine yake nayo imeambukizwa. Programu nzuri inayosasishwa huwa inavikamata virusi vya aina hiyo mapema. Kwa hilo hatuna ubishi nayo.

Lakini ili iifanye kazi hiyo, lazima iruhusiwe kufungua kila faili, na mara nyingi kuona kila ukurasa wa intaneti unaoutembelea. Ni zamu uliyemkabidhi funguo za vyumba vyote, hadi chumba cha kulala. Zamu wa namna hiyo, sharti ujue anakula kwa nani.

Kesi ya Avast imeshaamuliwa. Kampuni hii ya Prague, inayogawa antivirusi ya bure na iliyoinunua AVG mwaka 2016, ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za kurasa ambazo wateja wake wanazifungua, kisha kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Waandishi wa habari waliifichua biashara hiyo Januari 2020, na Jumpshot ikafungwa mwezi huo huo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Tume ilisema wanunuzi walizidi 100, na kwamba data zilifichua afya ya watu, dini zao na misimamo yao ya siasa. Na hao ni watu walioahidiwa kwamba programu hiyo itawakinga wasifuatiliwe!

Tuilete Muhumba. Mshauri wa waathirika anatafuta mtandaoni dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, kisha anatafuta barabara ya kwenda kijiji fulani. Kurasa mbili hizo, zikiwekwa pamoja, zinatosha kumweka mtu hatarini.

Kaspersky ya Urusi nayo ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024. Septemba ya mwaka huo wateja wake wa huko walikuta imeondoka yenyewe na mahali pake pameingia UltraAV, programu ambayo wengi hawakuiomba. Uziamini tuhuma za Washington au usiziamini, ni wazi kwamba mwenye antivirusi anaweza kubadili mlinzi wa kompyuta yako bila wewe kugusa kitu.

Msimamo wetu ni huu: tuiachie antivirusi virusi, siri zetu tuzilinde wenyewe. Windows 11 huja na Defender ndani yake, na kwa ofisi ndogo inafaa kuliko kurundika programu za bure zisizojulikana zinaishi kwa nini. Antivirusi ya kraki ndiyo mbaya kuliko zote, maana kabla ya kuiweka unaambiwa uzime ulinzi uliopo. Na megabaiti za kusasisha mashine ziingie kwenye bajeti kama mafuta ya jenereta. Mashine isiyosasishwa miezi kadhaa iko uchi.

Kisha kuna hatari ambayo hakuna antivirusi inayoigusa. Februari 2025, siku zile M23 walipoingia Bukavu, tuliona uporaji mjini. Anayeondoka na kompyuta kwapani haulizwi chochote na antivirusi. Anachozuiwa nacho ni diski iliyofungwa kwa usimbaji na nywila ndefu, na VeraCrypt, programu inayofanya kazi hiyo, haina malipo. Mkurugenzi ambaye bado hajamwita fundi kwa hilo, amwite wiki hii.

Kongo ina Sheria ya Numeriki ya Machi 2023 inayolinda data za mtu binafsi, na tunaitaka iheshimiwe. Ila mama wa Shabunda ambaye jina lake limevuja hana njia ya kwenda kushitaki Prague. Ulinzi wake unaanzia kwenye meza ya aliyemwandika, na kwa wafadhili wanaodai orodha za majina kama ushahidi kwamba kazi imefanyika. Wakubali namba badala ya majina, na walipie usimbaji kama wanavyolipia magari.